Ukumbi wa Biri: Riziki ya Nani, Mapafu ya Nani?



Si ajabu siku hizi kumsikia kijana msomi, aliyezunguka na vyeti vyake miaka mingi bila kupata kazi, akiwaeleza wenzake wa chama cha akiba na mikopo kwamba anataka kufungua ukumbi wa kuvutia biri. Tunasema biri tukimaanisha zile sigara nene zinazoviringwa kwa majani matupu ya tumbaku pasipo karatasi, ambazo kwa kawaida hutoka Kuba, Nikaragua na Jamhuri ya Dominika. Kijana huyo ameziona kumbi za namna hiyo jijini Nairobi: viti vya ngozi, taa hafifu, wateja wasiouliza bei. Anajiuliza kwa nini naye asiitafute riziki yake huko.

Yatupasa kumsikiliza kabla ya kumlaumu. Hakuja kuomba sadaka; amekuja na hesabu zake mkononi. Tena ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi yetu tulio wepesi wa kulaani biashara za vijana hatujawahi kuwapatia hata kibanda cha kuuzia mboga. Basi tuizungumze hoja yake kwa haki, tukianza na upande wa fedha.

Biri ni bidhaa yenye deko. Hutakiwa kuhifadhiwa katika sanduku au kabati la mbao za mwerezi, hewa ya humo ikiwa na unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi, na joto lisizidi sana nyuzi 20. Unyevu ukipungua, biri hukauka na kupasuka. Ukizidi, huota ukungu. Joto likipanda, mayai ya kidudu kidogo kinachokula tumbaku huanguliwa, nacho hutoboa biri moja baada ya nyingine hata mzigo wote ukaharibika. Mwenye mtaji mdogo aliyeko Mombasa au Kisumu na afikirie umeme ukikatika siku mbili. Bidhaa yenyewe hununuliwa kwa fedha za kigeni na kutozwa ushuru, na wateja wake ni wachache. Hiyo ni biashara ya mtu anayeweza kupoteza fedha bila kukosa karo ya watoto.

Pia kuna sheria. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza uvutaji katika mahali pa hadhara, mahali pa kazi pakiwa miongoni mwake, isipokuwa katika sehemu maalumu iliyotengwa. Ukumbi wa biri unaishi ndani ya neno hilo «isipokuwa». Jirani zetu wa Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2015, waliufunga mlango huo kwa sehemu za kazi zilizo ndani ya majengo. Tena tusisahau yaliyowapata wenye vilabu vya shisha. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016. Rwanda na Kenya zikafuata mwezi Desemba 2017. Waliokuwa wamenunua mitungi na mazulia kwa mikopo walibaki na deni. Mwezi Januari 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, ilitamka kwamba kanuni za marufuku hiyo hazikuwa na nguvu kwa kuwa hazikufikishwa Bungeni kama ilivyotakiwa. Lakini aliyefilisika mwaka 2018 hakurudishiwa chochote na hukumu hiyo.

Hata hivyo, fedha na sheria si kiini cha jambo hili. Kiini ni yule binti atakayeajiriwa kubeba sinia.

Biri kubwa moja yaweza kuwa na tumbaku inayolingana na ya pakiti nzima ya sigara, nayo huwaka kwa saa moja au zaidi. Wavutaji kumi wakiketi pamoja jioni moja, mteja atavuta biri yake aende zake. Mhudumu atabaki humo hadi usiku wa manane, kesho hivyo hivyo, na kesho kutwa. Mwaka 2006 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa taarifa iliyosema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi wa tumbaku wa watu wengine kisicho na hatari, na kwamba mitambo ya kusafisha na kubadilisha hewa haiwezi kuiondoa hatari hiyo. Basi yule anayetuambia kwamba atafunga feni kubwa hajajibu swali. Binti huyo hakuchagua kuvuta. Alichagua kula, na kwa kuwa mlangoni wapo wengine ishirini wanaoingoja nafasi yake, hataweza kusema kwamba kifua kinambana.

Wanaopenda kuitaja Marekani kuwa mfano wa kumbi hizi na waitaje yote. Jimbo la California lilizuia uvutaji ndani ya sehemu nyingi za kazi tangu mwaka 1995, na sababu yake ilikuwa huyo huyo mfanyakazi. Katika jimbo la New York, baa za biri zilizosamehewa ni zile tu ambazo mwaka 2002 zilikwisha kupata angalau asilimia 10 ya mapato yao kwa kuuza tumbaku na kukodisha makabati ya kuihifadhi. Yaani mlango uliachwa wazi kwa waliokuwamo, ukafungwa kwa waliotaka kuingia.

Wengine hutuletea hoja ya Vatikani. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliamua kwamba uuzaji wa sigara ukome humo kuanzia mwaka 2018, na ni kweli pia kwamba ilielezwa wakati ule kuwa biri kubwa zingeendelea kuuzwa kwa muda, kwa kuwa moshi wake haumezwi. Lakini mvutaji wa biri asiyemeza moshi bado yumo katika hatari ya saratani ya kinywa na ya koo. Tena duka linalomfungia mteja bidhaa akaenda nayo kwake ni jambo moja. Chumba kilichofungwa ambamo mtu mwingine analipwa mshahara ili akae ndani ya moshi ni jambo jingine kabisa.

Hoja ya mwisho, kwamba ukumbi utamsaidia mkulima wetu, haina msingi. Tumbaku ya Migori, kama ile ya Tabora na Urambo, hulimwa kwa ajili ya viwanda vya sigara. Haiingii katika biri za Kuba. Mkulima wa Migori ataendelea kukata kuni za kukaushia majani, na ugonjwa wa kichefuchefu unaowapata wachumao majani mabichi, watoto wakiwamo, hautapunguzwa na viti vya ngozi vya Nairobi. Aliye na uchungu naye na aulizie mpango ulioanzishwa Migori mwaka 2022 na mashirika ya Umoja wa Mataifa, ambao huwasaidia wakulima kuiacha tumbaku na kulima maharagwe.

Kwa maoni yetu, basi, vyama vya akiba vya parokia visitoe mkopo kwa ukumbi wowote utakaomweka mwajiriwa ndani ya moshi. Mwombaji asifukuzwe. Aketishwe na wazee wawili wanaojua biashara, apewe karatasi na kalamu, na hesabu ya mwerezi, ushuru na kodi ya nyumba ilinganishwe na ya kinyozi, duka la vipuri au mgahawa. Akiona bado anautaka ukumbi, aulizwe swali moja kabla kikao hakijafungwa: zamu ya usiku atamweka dada yake?