MWENYE BENDERA NYEKUNDU ASIGUSWE

Ndugu wafanyi kazi,

Tarehe 23 Disemba 2025 Serikali ya Marekani iliwanyima viza watu watano wa Ulaya. Mmoja ni Thierry Breton, Mfaransa, aliyekuwa Kamishna wa Umoja wa Ulaya na kuisimamia sheria ya 2022 inayoyabana makampuni makubwa ya intaneti. Kosa lao, wasema, ni kuwaziba Wamarekani midomo. Tena Mei mwaka ule ule Waziri Marco Rubio alikwisha tangaza adhabu hiyo kwa ofisa wa nchi yo yote.

Nchi yo yote, ndugu! Basi na karani wa Nairobi yumo.

Twauliza: hulindwa mdomo wa maskini, au mfuko wa tajiri? Siku 18 kabla ya marufuku hiyo, Ulaya iliitoza kampuni ya X faini ya euro milioni 120. Jibu mnalo.

Sisi wa reli twajua kazi ya bendera nyekundu. Ikiinuliwa treni husimama, hata mwenye mizigo akiwa na haraka. Siku mwenye mizigo atakapopewa ruhusa ya kumwadhibu mwenye bendera, treni hiyo msiipande.

Na sisi wa Kilifi hatuhitaji kufundishwa. Mahubiri ya Paul Mackenzie yalienea kwa televisheni na YouTube. Mwaka 2023 makaburi ya msitu wa Shakahola yakafukuliwa, maiti zaidi ya 400. Disemba mwaka huo mahakama ya Malindi ilimfunga miezi 12 kwa filamu zisizo na leseni. Bendera iliinuliwa treni imekwisha anguka.

Wako watakaosema: hata Serikali yetu hutumia sheria kuwanyamazisha watu. Kweli. Marekebisho ya sheria ya makosa ya mitandao yalitiwa sahihi Oktoba 2025. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu vyake. Lakini waliokwenda kushitaki ni Wakenya. Hiyo ndiyo njia. Ofisa akikosea, ajibu mbele ya wale anaowatumikia, wala si kutishwa na bwana wa ng'ambo kwa ajili ya matajiri wake.

Twataka Serikali iseme wazi: karani anayefuata sheria ya haki hataachwa peke yake. Wala chama chetu kisiseme haya ni mambo ya wakubwa. Leo kamishna, kesho karani, kesho kutwa sisi.

Umoja ni nguvu.