Kengele ya motokari na masikio ya mtoboa mawe

Motokari nyingi za leo zina kengele ya nyuma. Ukikaribia ukuta inalia pi, pi, pi. Ikibaki sentimeta 30 hivi, inalia bila kukata. Ni kitu kizuri, lakini si kwa masikio yote. Makelele ya mashini ya kutoboa mawe yanaua kwanza sauti nyembamba, karibu na herzi 4.000, na kengele hizi mara nyingi zinalia nyembamba vilevile. Mzee aliyetoboa miaka 20 anasikia ngoma za radio na ngurumo ya motere. (Bibi yake anasema anajifanya kiziwi anapotaka. Hapana, mama, ni kazi.) Kengele haisikii. Anafikiri nyuma ni wazi, kumbe mtoto anacheza pale.

Kwa mawazo yangu, mtu wa namna hii asingoje kengele hata kidogo. Ashuke, azunguke motokari, atazame. Radio izimwe. Kama kuna picha au taa za kuonyesha umbali, azifuate kwa macho. Mtu mzima asimame pembeni, mahali anapoonekana, aongoze kwa mkono.

Tena msione haya kuja dispanserini kupimwa masikio. Wale wanaotoboa leo waje wa kwanza, na vizibo vyao vya masikio mkononi, nitazame kama wanavivaa vizuri.