Si uchafu wa mama

Ba papa wa ku machimbo, leo niongee juu ya tuinzi tudogo tule twenye macho mekundu.

Mwanaume anatoka mu shimo, anafika kwake Bulambika kisha majuma mawili. Anaona tuinzi tunaruka juu ya ndizi. Neno la kwanza: "Mama, nyumba hii iko chafu!" Mimi nakataa.

Tuinzi tule hatufuati choo kama inzi mkubwa. Tunafuata harufu ya kitu chenye kuchacha: ndizi iliyoiva kupita, nanasi lenye kutoboka, na zaidi ya yote kasiksi. Hata nyumba iliyofagiwa asubuhi tunaingia, kama tone la kasiksi limebaki chini ya bidoni. Na ile bidoni, nani aliileta? Tusidanganyane.

Kainzi kamoja kajike kanataga mayai mamia. Kwa joto la Bunyakiri (hapa si Bukavu), yai linakuwa inzi kamili kwa siku kama 10. Uliacha tuwili, unarudi unakuta kundi. Bibi yako hakukosa kitu.

Lakini linaloniuma ni dawa. Watu wananunua dawa ya shamba yenye kupimwa mu kachupa ka Fanta, bila karatasi ya kuonyesha ni nini. Baba anaipuliza mu chumba kimoja, kile cha kupika, kula na kulala. Inzi wenye kuruka wanakufa, ni kweli. Mayai na mafunza yaliyo ndani ya ndizi yanabaki, na kisha juma moja wote wamerudi. Sumu nayo inabaki ku mkeka na ku sahani. Kachupa kanasimama ku kona, mtoto anakaona, anafikiri ni Fanta kweli. Hapo hatuongei tena juu ya inzi.

Tuinzi tunakamatwa na kile tunachopenda. Mu kopo tia kasiksi kidogo (kidogo, nimesema, isiwe sababu ya kununua litre), ongeza matone mawili ya maji ya sabuni nzito. Bila sabuni tunasimama juu, tunakunywa, tunaenda zetu. Na sabuni tunazama.

Kopo peke yake halitoshi. Osha bidoni siku ileile, pangusa mahali iliposimama, anika kitambaa cha kupangusia, maana kikibaki na maji ya matunda tunazalia humo. Maganda mpe mbuzi ao uyafukie. Ndizi zifunike na kitambaa kikavu, si chandarua: chandarua ni ya mbu, na malaria ndiyo inaua watoto wetu.

Kwangu ilikamata karibu majuma mawili, mpaka mayai ya mwisho yalipoisha. Bidoni naiosha mimi mwenyewe. Majirani wanacheka, wacha wacheke.