Mali Iwafuate Wenyewe

Monasteri ya watawa wa kike ikipungukiwa watu, nani mwenye haki ya kuifunga? Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 yajibu: si askofu wa mahali, ni Roma peke yake. Mwongozo wa mwaka 2018, enzi ya hayati Papa Fransisko, waongeza kwamba wakisalia watano walioweka nadhiri kuu, hawajichagulii tena mkuu wao. Lakini ikifungwa, mali huwafuata masista huko wanakopokelewa, na nia ya waliotoa huheshimiwa.

Ndugu zetu wa visiwani watalitambua jambo hili: linafanana na sharti la wakfu tulilofundishwa chuoni.

Nasi watendaji tujiulize. Katika Operesheni Vijiji, miaka ya 1973 hadi 1976, wengi walihamishwa kwa amri, wakaacha nyuma mashamba na makaburi ya wazee wao. Hapa Kasanga, magofu ya boma la Bismarckburg yatukumbusha nyumba isiyo na wenyewe.

Basi zahanati au ushirika ukilazimika kufungwa, wanachama na wazee waulizwe kwanza, na mali iwafuate. Kufunga si aibu. Aibu ni kufunga mlango ilhali mzee yungali ndani.