Bogoria Imeandikwa kwa Jina la Nani?

Watu huenda Ziwa Bogoria, kule Baringo, kuchemsha mayai kwenye chemchemi za maji moto na kupiga flamingo picha. Wakirudi nyumbani wanadhani wameliona ziwa. Mimi nasema nusu yake iko kwenye rejista za hataza, na yeyote mwenye bando anaweza kuzifungua bure.

Chuo kikuu sikumaliza, kwa hivyo usinitafutie digrii ya sheria. Ila kusoma najua. Hataza humpa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa miaka 20. Ili aipate, lazima aeleze hadharani alichofanya. Ndiyo maana hati hizi hutoboa mengi. Soma zile za vijidudu vinavyopenda magadi: utakuta maziwa ya Bonde la Ufa yametajwa kama mahali sampuli zilikotoka. Shuka hadi kwa mmiliki, utakuta kampuni ya ng'ambo.

Bogoria ndiyo mfano mkali zaidi. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli pale. Vijidudu vilivyozoea maji makali ya magadi vina vimeng'enya vinavyostahimili ukali wa sabuni ya kufulia. Mwaka 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilidai kwamba kampuni ya Genencor ilikuwa ikivuna pesa kwa vimeng'enya vya sabuni na vya kuzeesha jinzi mpya, vyenye asili ya Bogoria, bila Kenya kupata mgao. Kampuni ilikana kufanya kosa.

Kuna wanaosema ati bila maabara, hayo ni matope tu. Sawa, maabara ilipwe jasho lake. Lakini kama matope ni matope, mbona hawakuchota ya Mto Thames?

Sasa tugeuke nyumbani, maana unafiki hauna pasipoti. Kuanzia 1973 serikali iliwafukuza Waendorois kando ya Bogoria ili kupisha hifadhi ya wanyama. Mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitangazwa: Kenya ilikiuka haki zao, iwarudishie ardhi, iwalipe fidia na iwape mgao wa mapato ya shughuli zinazofanyika pale. Kwa hivyo afisa wa Nairobi akidai pesa za ziwa kwa niaba ya "Wakenya," muulize: Wakenya gani? Huwezi kumfukuza mwenye nyumba kisha ujifanye unamkusanyia kodi.

Mei 2024, huko Geneva, nchi wanachama wa WIPO zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje nchi ambako rasilimali ya kijenetiki ilitoka. Jamii itatajwa pale tu ilipotoa maarifa yake ya jadi. Yaani kwa kijidudu cha Bogoria, fomu itaridhika na neno "Kenya." Waendorois wataachwa nje tena, safari hii kwa kalamu.

Hilo tusilikubali. Kila kibali cha kuchota sampuli kwenye maziwa haya kiwekwe hadharani, pamoja na kila mkataba wa mgao, na jina la jamii na asilimia yake ziandikwe humo. Kama kampuni inalazimika kueleza siri za maabara yake ili ipate hataza, serikali yetu inaficha nini?