Kujiamini Kunahitaji Pia Mtu wa Kubaki na Mtoto

Kutoka Bugolobi hadi lango la Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, Nakawa, ni dakika chache kwa bodaboda. Kwa mama anayelea watoto peke yake, safari hiyo huweza kuchukua miaka mingi.

Njia ipo. Makerere hupokea watu wazima wa miaka 25 na zaidi kupitia mtihani maalumu wa kujiunga, na mtihani huo unamfaa hasa mwanamke aliyekatiza masomo kwa sababu ya mimba. Anayeufaulu huingia darasani akijua hakupewa nafasi kwa kuhurumiwa. Kujiamini kwake huanzia hapo, si kwenye semina za kutiana moyo.

Serikali nayo imesogea. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, na wasichana wengi walijifungua katika kipindi hicho. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unawaruhusu kurudi. Tanzania ilifungua mlango kama huo Novemba 2021.

Lakini sera hizo zinamtazama binti wa shule. Mwanamke wa miaka 30 anayelipa kodi ya nyumba, ada ya chuo na karo ya mtoto hazimgusi. Masomo ya jioni humwezesha kufanya kazi mchana, jambo jema kabisa. Ila nani abaki na mtoto saa mbili usiku? Bunge la Uganda limewawekea wabunge na wafanyakazi wake kituo cha kulelea watoto. Kila chuo kinachofundisha jioni kiwe na chake, na kisifungwe kabla ya kipindi cha mwisho kumalizika.