Usimzime D.O. Misiani baada ya sekunde 30

Ngoma inaanza. Gitaa moja linaingia juu juu, jingine linalijibu, besi inakimbia kama mtu aliyechelewa mathree ya mwisho ya kwenda Rongo. Unangoja kiitikio. Hakiji. Dakika mbili zimepita, mzee bado anasimulia jambo kwa Kijaluo, magitaa hayajabadilisha mwendo, na kidole chako tayari kiko kwenye kile kimshale cha kuruka wimbo.

Msee, ngoja kidogo.

Leo nataka kumtetea D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz mbele yako wewe mwenye miaka 19 au 24, unayekaa Awendo, Kisii, Kisumu au Umoja kule Nairobi, na ambaye kwako benga ni muziki wa wazee wa kamati ya mazishi. Simtetei kwa sababu ya "utamaduni wetu". Hoja hiyo imechosha, na hakuna mtu aliyewahi kupenda ngoma kwa kulazimishwa kama dawa ya minyoo. Namtetea kwa sababu bendi yake ni ngumu, na bendi ngumu zina kitu ambacho ngoma rahisi haziwezi kukupa.

Bendi za aina hii ziko kila mahali. Mwaka wa 1972 kule Uingereza, kundi la Yes lilitoa albamu ya Close to the Edge. Upande mzima wa kwanza wa sahani ile ni wimbo mmoja tu wa zaidi ya dakika 18, unaogeuza mwendo njiani mara kadhaa. Ndiyo roki wanayoiita progresivu. Waulize wanaoipenda, watakwambia mara ya kwanza walisikia vurugu, na mara ya kumi wakasikia nyumba yenye vyumba. Hakuna anayewacheka. Wanaitwa wajuzi wa muziki. Lakini Shirati ikiomba subira hiyo hiyo hapa kwetu, tunasema imepitwa na wakati.

Tatizo si kwamba wewe ni mvivu. Spotify huhesabu kuwa wimbo umechezwa ukifika sekunde 30. TikTok ilianza na video za sekunde 15. Prodyuza si mjinga, kwa hivyo anauweka utamu wote mlangoni kabla hujaondoka. Sikio lako limefunzwa kulipwa kabla ya kazi. Mimi mwenyewe niliacha chuo na kodi ya nyumba inatokana na kuandika mtandaoni, kwa hivyo siwezi kukuhubiria uzime simu. Nakwambia tu ujue mchezo unavyochezwa.

Na usidhani Misiani hakubanwa na teknolojia. Santuri ndogo za wakati wake, zile za mizunguko 45, zilibeba dakika chache tu kila upande. Ndiyo maana nyimbo nyingi za benga ziligawanywa mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Upande wa kwanza hadithi inajengwa. Ukigeuza, magitaa yanafunguliwa minyororo. Aliyenunua santuri ilibidi ainuke kitini, aigeuze, aweke sindano tena. Wewe unasikia nusu ya upande wa kwanza halafu unatangaza kwamba wimbo hauna utamu. Bana, utamu ulikuwa nyuma ya sahani.

Sasa tuongee kuhusu mtu mwenyewe. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka wa 1940 karibu na Shirati, ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, mahali ambapo leo ni wilaya ya Rorya, mkoa wa Mara. Si mbali na Migori. Alitoka katika familia ya dini ambayo haikufurahia gitaa. Akavuka kuja Kenya, akaiongoza Shirati Jazz kwa miongo kadhaa, na bendi ikafika hadi majukwaa ya Uingereza miaka ya 1980. Mwaka wa 1989 albamu kama Benga Blast! zilitolewa kule. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mnamo Mei 2006. Wazungu walimwita babu wa benga. Hapa nyumbani alipewa jina zito zaidi: Mfalme wa Historia.

Jina hilo halikutokana na gitaa. Lilitokana na maneno. Lakini huwezi kuyafikia maneno kabla ya kuzoea gitaa, kwa hivyo tuanzie hapo.

Mara ya kwanza utasikia kelele ya magitaa yanayozunguka. Ni sawa. Mara ya pili au ya tatu, fuata gitaa la solo peke yake. Utagundua kwamba halikwaruzwi nyuzi zote kwa pamoja, linadonolewa noti moja moja. Huo ni ujuzi wa nyatiti uliohamia kwenye umeme. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini chini, vidole vikicheza na nyuzi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao, na njuga mguuni zikilia. Mtu mmoja, bendi nzima. Benga iliichukua kazi ya mtu huyo mmoja ikawagawia watu wanne au watano.

Ukishajua hilo, rudi usikilize besi. Katika ngoma nyingi unazozijua besi ni mlinzi wa geti: iko pale, ina nguvu, haisemi sana. Katika benga inaropoka. Inamkatiza mwimbaji, inabishana na solo, inaruka mbele halafu inasimama kuwangoja wengine. Siku utakapoisikia kwa mara ya kwanza hutaweza tena kutoisikia. Utakuwa kwenye bodaboda, spika imefungwa chini ya mpini, upepo unakula nusu ya sauti, na bado utaijua besi ilipo.

Hapo ndipo maneno yanaanza kukuingia. Na hapo ndipo ugumu wenyewe unapoanza.

Misiani aliimba kwa mafumbo. Aliwatuma wanyama, aliwatuma watu wa Biblia, aliituma historia. Wimbo wake mmoja unaitwa Bim en Bim, yaani nyani ni nyani. Ukiupitia haraka ni hadithi ya wanyama. Ukikaa nao, unaanza kujiuliza nyani ni nani, na kwa nini wakubwa hawakucheka. Mwingine ni Piny Ose Mer, dunia imelewa. Unaweza kuucheza hadi asubuhi bila kuuliza ni nani aliyeilewesha.

Kumbuka enzi yenyewe. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na chama kimoja na redio ilikuwa ya serikali. Kusema wazi kulikuwa na bei. Misiani alisema kwa fumbo, na bado nyimbo zake zilimtia matatani na akakamatwa. Fikiria hapo kidogo. Inamaanisha kuna watu ofisini waliosikiliza nyimbo zake kwa makini kuliko sisi tunavyozisikiliza leo.

Sisi tunadhani tuliuvumbua ujanja huu. Juni 2024, kizazi chetu kilipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Anguka Nayo ya Wadagliz iligeuka kuwa wimbo wa maandamano. Ilikuwa ngoma ya kucheza. Sisi ndio tuliitia maana nyingine, na kila mtu akaelewa bila kuelezwa. Ni kazi ile ile: kusema jambo ndani ya jambo jingine. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na simu mkononi na dunia ikitazama, na yeye alikuwa na fumbo na gitaa. Simu inaweza kuzimwa. Mtu anayejua kusema wazi tu, siku akifungwa mdomo, anabaki bila lugha.

Ndiyo sababu nasema hili si suala la ladha peke yake. Wanaoweza kukueleza ubeti ule ulimlenga nani, na kwa nini watu walitazamana ulipochezwa dansini, sasa ni wazee. Wako Awendo, wako Rongo, wako Homa Bay. Wengine ni madani wanaouza omena sokoni. Kila mwaka wanapungua. Wakiisha, utabaki na magitaa matamu na maneno yaliyofungwa kwa kufuli ambayo hakuna mwenye ufunguo wake. Rekodi itakuwepo mtandaoni milele. Maana haitakuwepo.

Najua utakachoniuliza. Si ukirudia kitu chochote mara kumi kitakuingia tu? Hata tangazo la sabuni hukwama kichwani. Swali zuri. Jibu langu ni kwamba kuzoea na kugundua ni vitu viwili. Tangazo mara ya kumi ni lile lile la mara ya kwanza, ila sasa limekung'ang'ania. Wimbo mgumu ulio mzuri, mara ya kumi unaweza kunyoosha kidole: hapa gitaa la pili limeacha kuitikia na limeanza kuongoza, hapa mzee ametaja jina na wimbo wote umegeuka. Kila mzunguko unakuletea kitu unachoweza kumwonyesha mwenzako. Na zipo bendi ngumu ambazo ni mbovu tu. Ukirudia mara saba na husikii jipya, achana nazo bila hatia. Ugumu peke yake si sifa.

Utasema pia hujui Kijaluo. Awendo yenyewe imechanganyika: Mjaluo, Mkisii, Mkuria, Mluhya, Msomali mwenye duka. Lakini mbona Lingala hakuna anayelalamika? Watu wamecheza sebene la Franco miaka nenda miaka rudi bila kujua neno hata moja, na hawakuomba tafsiri. Tena wewe una bahati ambayo mpenzi wa Yes hana. Jirani yako anaijua lugha. Muulize ubeti mmoja tu. Hata vijana Wajaluo wenyewe wanahitaji kuuliza, kwa sababu kujua Kijaluo cha kununua mboga si kujua Kijaluo cha Misiani.

Mlango wa Shirati ukiwa mzito sana, kuna dirisha. Tafuta kundi la Extra Golden. Wamarekani wawili wa roki, Ian Eagleson na Alex Minoff, walikutana na wanabenga wa Nairobi, akiwemo mpiga gitaa na mwimbaji Otieno Jagwasi. Jagwasi alifariki mwaka wa 2005, na albamu yao ya kwanza ikatoka mwaka uliofuata. Mle ndani roki na benga vinasukumana, kila kimoja kikijaribu kukokota kingine kwenye mwendo wake. Kama sikio lako limelelewa na magitaa ya kizungu, hapo utapata pa kukanyaga kabla ya kuvuka. Albamu yenyewe inaitwa Ok-Oyot System. Ok oyot, kwa Kijaluo, ni si rahisi.

Na kama kuna mahali ambapo mtu hapaswi kufundishwa kungoja, ni hapa. Miwa inayopelekwa kiwanda cha Sony hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine miwili, kabla ya panga kuigusa. Hakuna mkulima wa Awendo anayeing'oa mwezi wa tatu akilalamika haina sukari. Anajua sukari iko njiani. Watoto wa wakulima hao hao ndio tunaotaka wimbo utupe sukari yote kabla ya sekunde ya 30.

Basi nakupa kazi ndogo, haina gharama zaidi ya bando la siku moja. Chagua wimbo mmoja wa Shirati, mmoja tu, tena mrefu. Usiuweke nyuma ya kazi nyingine. Siku ya kwanza usikilize wote bila kutafuta chochote. Siku ya pili fuata solo. Siku ya tatu fuata besi. Siku ya nne ucheze wimbo wote kwa spika, mahali penye nafasi, na uone mwili wako unaingilia wapi. Siku ya tano mpelekee mtu mzima anayejua Kijaluo, mwambie akueleze ubeti mmoja, na umwache aongee. Wengine wataanza na ubeti na kumaliza na mwaka mzima wa maisha yao. Siku ya sita na ya saba usikilize tena ukiwa na maneno hayo kichwani.

Ukifika siku ya saba na bado huupendi, uko huru. Sema huupendi, nami nitakuheshimu, kwa sababu utakuwa umeusikia. Wengi wanaosema benga ni ya wazee hawajafika hapo. Waliondoka kabla mzee hajamaliza kusalimia.